Uliza Safari: Siku tatu pwani ya Ireland, na baba watoto anataka kuendesha mwenyewe

SWALI: Dada habari za kazi, pole na majukumu. Mi niko Moshi, nina kiduka cha kukodisha vifaa vya mlima, majaketi, buti, fimbo na vingine. Mdogo wangu ni nesi Dublin, mwaka wa nne sasa, katualika mi na baba watoto mwisho wa Mei ila zamu zimembana, kapata off Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ya kwanza ya Juni ambayo kwao ni sikukuu. Tunataka tukaone bahari yao. Nimeangalia ramani nikaona nchi yenyewe kadogo tu, nikapanga hivi: Jumamosi Cliffs of Moher, Jumapili Dingle na kile kisiwa cha Skellig, Jumatatu Giant's Causeway halafu usiku tunalala Dublin. Baba watoto ndo dereva. Mdogo wangu nimemtumia ratiba akajibu kwa vikatuni vya kucheka tu. Nimekosea wapi? – Mama Vifaa, Moshi

JIBU: Mama Vifaa, mdogo wako kakustahi kwa sababu we ni dada yake. Mi ngoja niseme.

Hebu fikiria mgeni anaingia dukani kwako Ijumaa jioni anataka buti, anakwambia Jumamosi Kilimanjaro, Jumapili Ngorongoro, Jumatatu Pangani kuogelea. Si ungemwangalia mara mbili kabla ya kumpa risiti? Ndo ratiba yako hiyo. Moher iko magharibi, Dingle na Skellig ziko kona ya kusini magharibi, Giant's Causeway iko pwani ya kaskazini ya kisiwa, na mdogo wako mwenyewe yuko mashariki. Mtaona bahari kweli, ila kupitia kioo cha gari.

Na ramani inadanganya. Dublin mpaka Galway ni kama km 200 za barabara kubwa safi, saa mbili na nusu hivi mmefika. Sasa toka Galway uende Doolin, kijiji kilicho karibu na majabali ya Moher, ni km 70 tu lakini inakula saa moja na nusu, maana barabara ni nyembamba kama zile za Kibosho, inakata kona inapanda inashuka, tofauti ni kwamba badala ya migomba pembeni una kuta za mawe ambazo hazina huruma na rangi ya gari ya kukodi, alafu mbele yako trekta, nyuma yako basi la watalii.

Skellig ifute kabisa. Sio kwamba sio nzuri, ni jiwe limesimama baharini na ngazi 618 za mawe walizojenga watawa wa zamani, ila boti za kushusha watu pale ni chache, zinaenda miezi ya joto tu, nafasi zinaisha mapema mno na hata ukiwa na tiketi mkononi, bahari ikichafuka asubuhi nahodha anakwambia leo hatuendi. Huwezi kuegemeza wikiendi yenye siku tatu kwenye kitu kama hicho.

Giant's Causeway nayo ina jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui mpaka yawakute. Zile nguzo za mawe, kama 40,000 hivi, zilizopangika kama mtu kazikata kwa rula, ziko Ireland Kaskazini, na Ireland Kaskazini ni Uingereza. Mpakani hakuna geti, hakuna askari anayekusimamisha, unashtukia tu vibao vya spidi vimebadilika kutoka kilomita kwenda maili na duka linataka pauni badala ya yuro. Lakini kisheria ushatoka nchi moja umeingia nyingine. Mtanzania mwenye viza ya Ireland peke yake haruhusiwi kule, anatakiwa awe na ya Uingereza pia, na kama ya Ireland ni ya kuingia mara moja basi kurudi Dublin nako ni kosa. Mabasi ya mpakani huwa yanakaguliwa, na abiria wa kwanza kuombwa paspoti unamjua ni yupi. Usimponze mdogo wako ambaye ana kibarua na vibali vyake huko.

Na kwa kuwa tumegusa viza, ya Schengen haisaidii Ireland, hawamo. Mnaomba ya kwao onlaini, mnaweza kuanza miezi mitatu kabla ya safari, na wao wenyewe wanashauri usikate tiketi ya ndege kabla hujajibiwa. Mwambie mdogo wako aandike barua ya mwaliko yenye maelezo ya kueleweka na aambatanishe uthibitisho wa kazi na anapoishi.

Sasa mi ningefanyaje? Ningechagua Doolin tu, usiku mbili, kitanda kilekile. Ni sikukuu kwa hiyo na wenyeji wote wanakimbilia huko, chumba kitafuteni mapema, zile nyumba za familia zinazolaza wageni na kuwapa chai ya asubuhi nzito ndo nzuri kuliko hoteli. Jumamosi tokeni Dublin alfajiri, kuleni Galway, alafu pitieni Burren. Hapo msipite mbio. Ni nchi nzima ya mawe ya chokaa ya kijivu, ukiiona kwa mbali unadhani hakuna kinachoota, ukishuka kwenye gari unakuta maua madogomadogo yametoka kwenye nyufa, na Mei mpaka mwanzo wa Juni ndo wakati wake hasa. Pale Poulnabrone kuna kaburi la mawe makubwa lina zaidi ya miaka 5,000, limesimama tu kwenye uwanda, upepo unapita chini yake. Baba watoto akiliona atasema ni mawe, we mwache.

Moher sasa. Majabali yenyewe yana urefu kama wa km 8 kando ya bahari na mahali pa juu kabisa ni mita 214, na hiyo mita 214 haiteremki kidogokidogo, inakatika hapohapo, chini ni Atlantiki. Kwa mtu wa Moshi anayeamka anaona Kibo mita 214 ni kitu gani, najua, hata mi nilifikiri hivyo mpaka nikasimama pale magoti yakalegea. Ila usipangie saa. Mara yangu ya kwanza nilifika saa tano asubuhi, nimelipa, nimetembea mpaka ukingoni, nikaona ukungu mweupe kama wa Machame mwezi wa nne, nasikia mawimbi na ndege tu, sioni kitu. Nikakaa mgahawani karibu masaa mawili na wageni wengine mia wenye sura kama yangu. Nikaondoka. Kesho yake jioni nikarudi, kweupe kabisa, mpaka visiwa vya Aran vinaonekana.

Ndo maana nasema mlale Doolin usiku mbili. Mwanzo wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mna Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi, Jumapili jioni na hata Jumatatu asubuhi, mawingu yakifunguka tu mnawasha gari, ni dakika chache. Mabasi ya watalii kutoka Dublin yanajaa pale kuanzia kama saa tano mpaka saa kumi hivi, hizo saa muwaachie. Juni pia wale ndege wanaoitwa puffin, wenye mdomo wa rangirangi, bado wako kwenye majabali, chukueni darubini kama mnayo. Na ukikuta njia ya ukingoni imefungwa kwa uzio usiruke ili upige picha. Upepo wa pale unasukuma, na udongo wa ukingoni huwa unameguka bila taarifa.

Jumapili mchana chukueni boti pale Doolin kwenda Inisheer, ndo kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Aran. Mnazunguka kwa baiskeli au gari la farasi, mnaona meli ya Plassy iliyotupwa kwenye miamba mwaka 1960 na kutu yake mpaka leo, na mtasikia watu wakiongea Kiairishi chao, sio Kiingereza. Kuna boti wakati wa kurudi zinapita chini ya majabali kabisa, hiyo ulizieni, kuyaona kutoka chini ni habari nyingine. Kama unatapika kwenye boti ya Zanzibar, kunywa kidonge kabla. Jioni ni baa za Doolin, hata kama hunywi, watu wanakaa mezani tu wanatoa fidla na filimbi wanapiga, hakuna jukwaa wala kiingilio.

Dereva: wanaendesha kushoto kama sisi, hapo baba watoto yuko nyumbani. Akodi ya otomatiki ili macho yake yashughulike na zile kuta. Abebe leseni yake na ile ya kimataifa. Na kadi, jamani kadi! Shemeji yangu alifika kaunta ya kampuni fulani na kadi yake ya kawaida ya benki ya Arusha, pesa imo, wakamkatalia, wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili washikilie dhamana. Tukapanda basi. Na wala haikuwa mbaya, kuna basi namba 350 linatoka Galway linapita Doolin na Moher kwenyewe, ila magari ni machache kwa siku, ukilikosa umeketi.

Kuhusu nguo sina cha kukufundisha, chomoa dukani kwako koti la mvua na buti zilezile unazompa mtu wa Horombo. Mwamvuli uache Moshi.

Jumatatu rudini taratibu kabla ya jioni, Dublin nzima itakuwa inarudi.

SWALI: Dada mi nakuja Dublin kwa semina ya siku nne, Jumapili ndo niko free, sina gari na posho yenyewe unaijua. Kuna bahari ya karibu? – Kijana wa Njiro

JIBU: Ipo, na nauli yake haitakuua. Panda treni ya DART kutoka mjini mpaka Howth, mwisho wa reli, kama nusu saa. Ukishuka uko bandarini kwenye boti za wavuvi, na mara nyingi sili wanatoa vichwa majini wakisubiri utumbo wa samaki. Kutoka hapo kuna njia ya miguu inayozunguka majabali, mnara wa taa wa Baily unauona chini, masaa mawili matatu umemaliza. Kama bado una nguvu na mwanga, panda DART ileile uende upande wa pili wa ghuba, ushuke Killiney ukapande kilima, na wakati treni inaelekea huko kaa upande wa kushoto, maana reli inapita kando ya bahari kabisa. Chipsi na samaki nunua Howth ulie nje, ila kaa mgongo ukiwa ukutani. Shakwe wa pale ni wezi kuliko nyani wa Manyara.

SWALI: Ni kweli kuna kijiji huko wanafanya tamasha la kutafutiana wachumba? Shangazi yangu wa Usa River anauliza, sio mimi. – Msomaji, Tengeru

JIBU: Ni kweli, Lisdoonvarna, dakika chache tu kutoka Doolin, kila mwezi wa tisa, na utamaduni huo una zaidi ya miaka 150. Zamani wakulima wakishavuna ndo walikuwa wanakuja mjini na mshenga anawaunganisha, siku hizi ni muziki na kucheza zaidi, ila washenga bado wapo. Mwambie shangazi viza anaanza kuomba mwezi wa sita.