Mkono Una Saa Zake: Ushauri kwa Anayejinyonyoa Nywele

Kama umefika hapa unatafuta mafuta ya kuotesha nywele za utosini au nyusi, hayo mafuta nayajua karibu yote: mnyonyo, habati soda, nazi ya kukamua nyumbani, na maji ya kitunguu ambayo harufu yake unakwenda nayo kazini kesho yake. Sina ugomvi nayo. Ila hakuna mafuta yatakayootesha nywele mahali ambapo mkono wa mwenyewe unarudi kila usiku. Makala hii naiandika kwa yule ambaye nywele zake hazinyonyoki zenyewe. Anazinyonyoa, anaficha, na anadhani yuko peke yake duniani.

Hauko peke yako. Makadirio ya madaktari ni mtu mmoja au wawili katika kila 100, na wengi huanza wakiwa na miaka 10 hadi 13. Mimi nilianza darasa la sita. Jina la kitaalamu, trikotilomania, lilitolewa mwaka 1889 na daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, baada ya kumwona kijana aliyekuwa aking'oa nywele zake. Kwa muda mrefu madaktari wa akili wa Marekani waliiweka fungu moja na watu wanaoiba bila kuwa na shida na kile wanachoiba, na wale wanaochoma vitu moto kwa kushindwa kujizuia. Fikiria, tulipangwa na wachoma nyumba! Mwongozo wao wa mwaka 2013 ukaihamishia kwa jamaa wa wanaonawa mikono na kuhakiki kufuli tena na tena. Ni ugonjwa unaotambulika, una tiba, na si dalili kwamba mtu amerukwa na akili.

Kwa asiyeijua, inakuwa hivi. Kidole gumba na cha shahada vinatembea kichwani vikitafuta. Havichukui unywele wowote tu. Vinautaka ule mmoja mgumu, mnene kuliko wenzake, ambao ukiupitisha kati ya ncha za vidole unasikia vifundo. Ukipatikana, vidole vinauzungusha kidogo, vinavuta, na pale unapong'oka inakuja sekunde moja ya utulivu. Kisha unautazama: kwenye mzizi kuna kijidonge cheupe chenye utelezi. Wengine hukipitisha mdomoni wausikie ubaridi wake, wengine hukitafuna. Halafu mkono unapanda tena. Unakuja kushtuka simu inazima kwa kukosa chaji, mto umejaa nywele, na utosi unawaka. Maumivu wengi hatuyasikii wakati ule, au tunayasikia na yanapendeza, jambo ambalo ni gumu kumweleza mama yako.

Nyumbani walipata tiba ya haraka: kunyoa. Shule nyingi za serikali wasichana hunyoa au kupunguza sana hata hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kichwa kikawa salama, mkono ukashuka kwenye nyusi, kutoka nyusi ukaingia kwenye kope. Kope ndizo zilizoniumbua. Kichwa utakifunga mtandio, lakini jicho lisilo na kope kila mtu analitazama na hata yeye hajui anatazama nini. Ndiyo maana mzazi akiniuliza kama amnyoe mtoto, namwambia nywele fupi zinaweza kumpumzisha akizitaka mwenyewe. Ukimnyoa kwa nguvu umemwadhibu, na mkono utatafuta pengine.

Bibi yangu alikuwa akizikusanya nywele zangu chini ya kitanda na kuzichoma jikoni kimya kimya, kwa hofu ya wanga. Shangazi akasema ni mashetani ya kichwa. Nilisomewa, nikanywa kombe, nikafukizwa. Sidharau kisomo, na mpaka leo dua ni sehemu ya utulivu wangu. Ila nawaomba wazazi, mtoto asipelekwe mahali atakapochapwa ili jini limtoke. Mtoto mwenye hofu hunyonyoa zaidi.

Neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia ni "acha". Halisaidii, kwa sababu mara nyingi mkono unapanda na mwenyewe hana habari. Kunyonyoa kuko kwa namna mbili, na wengi tunazo zote. Iko ya kutojua: unasoma, unatazama runinga, unasubiri, na vidole vinafanya mambo yake. Na iko ya makusudi: unafunga mlango wa bafu, unawasha taa, unasogelea kioo na kibano mkononi, kwa sababu kuna kitu kimekukera rohoni na unajua dakika hizi zitakituliza. Dawa ya moja si dawa ya nyingine. Kwa hiyo, kabla hujajaribu kuacha, ujue kwanza mkono wako una saa zipi.

Chukua kidaftari. Kila unapojikuta umenyonyoa, au mkono umepanda tu, andika saa, mahali, umekaaje, ulikuwa ukifanya nini, na moyo ulikuwaje. Usihesabu nywele. Kuhesabu kunaleta aibu, na mwenye aibu huliacha daftari siku ya pili. Wiki mbili tatu zinatosha kuona kitu.

Langu lilinionyesha nisichokitarajia. Nilikuwa nikisema ni mawazo, na mawazo yalikuwemo kweli, hasa mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu kazini. Lakini kurasa nyingi zilikuwa na habari moja: kiwiko. Kila mahali ambapo kiwiko cha kulia kilipata pa kuegemea, mkono ulikuwa kichwani. Dirisha la daladala kwenye foleni. Mkono wa kochi. Kitandani nikilalia ubavu, simu mkono wa kushoto. Meza ya ofisi, faili likigoma kufunguka. Nikiwa jikoni, hakuna. Nikitembea, hakuna.

Basi nikaanza na kiwiko. Kwenye daladala nikawa natafuta siti ya upande wa njia, begi mapajani, mikono yote miwili juu ya begi. Kochi nikalihama, siku hizi naangalia tamthilia nimekaa mkekani katikati ya sebule, na watoto wamezoea. Kitanda ndicho kilichonisumbua zaidi, na kilichonisaidia ni kuihamishia chaja ya simu sebuleni. Sisemi viwiko ndilo tatizo lako. Lako huenda ni kioo cha bafuni, au kitabu cha mtihani, au ile nusu saa baada ya kuongea na mtu fulani kwa simu. Daftari litasema.

Mkono ukishaanza kupanda, kuna njia ambayo wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliichapisha mwaka 1973, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba ya hali hii. Unajifunza kuutambua mwanzo kabisa wa mwendo wenyewe. Kwangu ni bega kuinuka, kabla kidole hakijagusa nywele. Hapo hapo unaupa mkono kazi ambayo haiwezi kwenda pamoja na kunyonyoa: fumba ngumi, ibane ubavuni, uishikilie dakika moja hadi tatu. Kwenye kikao, shika kalamu kwa nguvu chini ya meza. Inaonekana kitu kidogo mno. Mwanzoni hamu inapanda kwanza na unaona kama utapasuka. Kisha inashuka yenyewe bila unywele hata mmoja kung'oka, na ukishaiona ikishuka mara kadhaa huanza kuiamini ngumi.

Lakini mtu hawezi kuishi amekunja ngumi. Vidole hivi vinataka kutafuta, basi vipe cha kutafuta. Mimi ndiye mchambuaji wa mchele nyumbani kwangu, na sitaki msaidizi: chuya moja, kijiwe kimoja, kidole kinapekua na kinapata. Choroko pia. Jirani yangu mmoja, mama wa Pemba, ndiye aliyenirudisha kwenye kusuka ukili. Ukili unataka vidole vyote kumi, na miyaa ina ukavu unaokwaruza ncha za vidole pale pale panapotaka kukwaruzwa. Wapo wa tasbihi, wapo wanaofuma, na namfahamu kijana anayetembea na mbegu za ubuyu mfukoni akizisugua darasani. Chagua chenye mikwaruzo au vifundo. Vitu laini, kwangu angalau, havifui dafu.

Kwa ile namna ya makusudi, weka vizuizi. Kibano cha nyusi kitoke nyumbani, kimpe dada yako akitunze. Balbu kali ya kwenye kioo iondoke. Kucha fupi. Plasta kwenye kidole gumba na cha shahada kabla ya kulala, maana kidole kisichosikia unywele hakijui kuuchagua. Kilemba nyumbani, au mafuta mengi kichwani ili nywele ziteleze. Hakuna hata kimoja kitakachomzuia mtu aliyeamua. Vinaongeza nusu dakika tu kati ya hamu na unywele, na nusu dakika hiyo inatosha kukumbuka ngumi, au kutoka bafuni ukampigie mtu simu kuhusu lile lililokukera.

Kusuka kunasaidia pia, mistari iliyolala kichwani hasa, ila msusi asikuvute. Ukisukwa mpaka macho yanapanda, nywele za panjani zitang'oka kwa kuvutwa, na sasa utakuwa na vipara vya aina mbili. Nenda saluni asubuhi ya katikati ya wiki kusipokuwa na watu, umwambie msusi mapema: "Dada, nina tabia ya kunyonyoa hapa utosini, naomba usinisemee." Wangu alikuwa ameshajua. Mapunye, aliniambia, yanaacha magamba, lakini baka langu lilikuwa na nywele za urefu tofauti tofauti, nyingine zimekatikia njiani, na ngozi safi. Nadhani wasusi wa nchi hii wameyaona haya mengi kuliko madaktari, na wengi wamenyamaza kwa heshima.

Hata hivyo, msusi si daktari. Anza na wa ngozi, ahakikishe si mapunye au ugonjwa mwingine unaonyonyoa nywele. Kisha omba kuonana na mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili. Muhimbili wapo, KCMC Moshi na Bugando Mwanza wapo, Mirembe Dodoma ni hospitali ya kazi hiyo hasa. Kwa walio Nairobi ipo Mathari. Mtu wa mapokezi akikuuliza tatizo, si lazima ueleze mbele ya foleni. Sema "nahitaji ushauri wa kisaikolojia", yanatosha. Daftari lako beba, litakuokoa kutafuta maneno.

Kuhusu vidonge, dawa ambayo imethibitika kuitibu hali hii kwa kila mtu haijapatikana. Inayotajwa sana ni N-asetilisisteini, ambayo hospitali huitumia kulainisha makohozi na kumwokoa aliyezidisha parasetamo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 kwa watu wazima 50 ulionyesha zaidi ya nusu ya walioipata wakipata nafuu. Mwaka 2013 ikajaribiwa kwa watoto na haikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa. Usijinunulie kwa kusoma intaneti. Na kama una huzuni au hofu iliyokithiri pembeni ya haya, mwambie daktari, kwa sababu hiyo nayo ina tiba yake.

Jambo moja halina kusubiri. Kama wewe au mtoto wako anazimeza nywele, tumbo haliziyeyushi. Zinajikusanya zikawa donge, wakati mwingine lenye mkia unaoshuka mpaka kwenye utumbo, na hapo mara nyingi ni kisu. Mtoto mwenye baka kichwani anayelalamika tumbo, anayetapika au kushiba kwa tonge mbili, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba anakula nywele. Usipolisema, daktari anaweza asiliwazie.

Wenye kuishi na sisi: msitulinde kama askari. Mume wangu alikuwa na mtindo wa kuita jina langu kwa sauti kila mkono ukipanda, nami nikawa nahamia chumbani. Tulikubaliana baadaye awe ananipa kitu tu mkononi bila neno, kikombe cha chai, rimoti, mtoto. Hiyo inafanya kazi mpaka leo. Kwa mdogo wa miaka miwili mitatu anayesokota na kuvuta nywele akisinzia, msipaniki: mpe kidoli au kitambaa cha kushika, mara nyingi huacha mwenyewe akikua.

Nywele zinarudi, kama mzizi haujaumizwa kwa miaka mingi. Kichwani ni kama sentimita moja kwa mwezi, nywele zetu za kipilipili pengine pungufu kidogo. Nyusi na kope zinataka miezi miwili mitatu hivi, kwa hiyo usipime kwa kioo kila asubuhi. Zinapochipua zinawasha, na zile fupi ngumu zinazosimama wima ndizo hasa vidole vinavyozipenda, basi wiki hizo ndizo za kilemba na plasta bila kukosa. Kwangu wiki ya kabla ya hedhi nayo ni ngumu, nimeiwekea alama kwenye kalenda. Na ukinyonyoa, usijiambie utaanza upya Jumatatu. Andika saa, funga kidole plasta, chukua ungo wa mchele.