Jeti au propela Mtera?

SWALI: Tumechanga watu watatu tununue boti ya faiba ya futi 18 ya kuzungusha wageni Bwawa la Mtera. Injini ni ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 60. Mwenzetu anang'ang'ania jeti ya maji (pampu inayonyonya maji na kuyarusha nyuma) kwa kuogopa visiki, sisi wawili tunataka propela. Ipi ina kasi zaidi na usumbufu mdogo?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Fungeni propela. Hofu ya visiki ni ya haki, maana miti mingi ilimezwa na bwawa ikiwa imesimama, na kiangazi vichwa vyake hubaki chini kidogo tu ya maji. Jeti haining'inizi kitu chini ya boti. Ila inakula nguvu: injini ya 60 ikifungwa jeti husukuma kama ya 40 hivi. Halafu inanyonya kila kitu. Kipande cha wavu kikiziba chujio, injini inalia juu na boti inazubaa. Mchanga nao hula ncha za impela, yaani feni ya ndani inayosukuma maji. Uwazi kati yake na ukuta wa pampu ukipita milimita 0.8, kasi inaanza kupotea. Na ukipunguza mafuta ghafla mbele ya kisiki, usukani haukamati, kwa sababu jeti hukata kona kwa msukumo wa maji yake.

 

Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini inapoteza takriban asilimia 7 ya nguvu. Ijaribuni ikiwa na mzigo kamili, mafuta mpaka mwisho. Kama kitabu chake kinasema mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika nayo inakwamia 4,800, chukueni propela yenye pichi (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi 2 hadi 4. Kila inchi inayopungua hupandisha mizunguko 150 hadi 200. Bamba lililo juu ya propela lilingane na upande wa chini wa boti, nje: likiwa juu mno, propela inavuta hewa kwenye kona.

Chukueni propela ya alumini, tena mbili. Ya chuma ina kasi zaidi, lakini ikigonga kisiki pigo linaishia kwenye gia. Pigeni mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi mwili wa propela. Siku injini ikizunguka bure boti haisogei, tazameni mstari: ukiwa umekatika, mpira unaoshikanisha kitovu na propela umeteleza. Rudini polepole, mafuta kidogo.