Riwaya imekataliwa mara nne, nichapishe mwenyewe?

Ndugu yangu, unauliza kama kukataliwa na wachapishaji wanne kunatosha uitoe riwaya kwa pesa yako. Mimi walinikataa sita, na watatu kati yao hata hawakujibu. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isiyo na dalili ya kuingia darasani wanaiona mzigo, hata iwe tamu vipi. Kwa hiyo usijione huna kipaji.

Ila kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, mlipe mhariri. Wangu alifuta sura mbili za mwanzo. Nikanuna wiki nzima, halafu nikamwelewa.

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kama uko Tanzania, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Anza na nakala 100 za karatasi, zilizochapwa kwa mashine ya dijitali. Wapiga chapa watakushawishi uchape ofseti, yaani kwa mitambo ya kuchapa nakala nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa bei ya nakala moja inashuka ukichapa nyingi. Ni kweli inashuka, lakini nani atazibeba? Mimi nilichapa 500. Maboksi yalikaa uvunguni miaka miwili, panya wakanisoma kabla ya wateja. Zilizotoka niliziuza kwa mkono, kazini na kwenye vikao vya harusi.

Na usikopee kabisa.