Guam haijalazwa

Swali: Msomaji wa Tanga amekutana na sentensi hii: "Guam, himaya ya Marekani, yapewa hali ya uangalizi katika Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki." Anauliza kama "utazamaji" lisingefaa zaidi.

Jibu: Mtazamaji ni wa mpira na runinga, mwache hukohuko. Neno la vikao ni mwangalizi, na waangalizi wa uchaguzi wameshatuzoesha. Kinachonikera mimi ni hiyo "hali ya uangalizi".

Anayewekwa chini ya uangalizi ni mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Haangalii, anaangaliwa. Guam iliomba kuangalia: iketi ukumbini, isikilize, isiwe na kauli katika uamuzi. Mwandishi wetu kaigeuza, kailaza kitandani na kuitundikia dripu. Halafu "hali" ikamalizia kazi, maana sasa msomaji anasubiri aambiwe hali hiyo inaendeleaje, na ndugu waruhusiwe kumwona mgonjwa saa ngapi! Kinachotolewa na chombo kama Jukwaa hilo, ambalo ni umoja wa nchi za Pasifiki, ni hadhi. Hali na hadhi zote asili yake Kiarabu, lakini undugu wao unaishia hapo.

Andika: "Guam ilipewa hadhi ya mwangalizi mwaka 2011." Usiandike "ilijiunga", na tafadhali sana, usiandike "mwanachama mwangalizi". Mwangalizi si mwanachama. Kaledonia Mpya, iliyo chini ya Ufaransa, ilipanda ngazi zote moja moja: mwangalizi 1999, mwanachama mshiriki 2006, mwanachama kamili 2016. Guam na Samoa ya Marekani zimekuwa wanachama washiriki mwaka 2024, kwenye mkutano wa Tonga. Wewe uliyekwisha kuiita Guam mwanachama tangu 2011, habari hiyo uliiandikaje? "Mwanachama awa mwanachama"?

Kuhusu "himaya", nitavumilia kidogo, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni himaya, hata maduka ya tajiri mmoja. Ila neno lenyewe ni ulinzi. Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi 1963, sultani akiwa bado kitini. Guam ilichukuliwa kutoka Hispania mwaka 1898, baada ya vita, na hakuna sultani aliyeachiwa kiti. "Eneo lililo chini ya Marekani" linatosha. Ukiandika "koloni" sikuzuii: Umoja wa Mataifa wenyewe bado unaiweka Guam katika orodha ya maeneo yasiyojitawala.