Jibu: Pesa za mradi wa pamoja wa utafiti wa Kenya na Afrika Kusini hutoka wapi?

Dada, umeuliza kama mkishinda ufadhili, pesa zote zitatoka Pretoria. La. Kwa kawaida kila nchi hulipa watu wake: NRF ya hapa Nairobi (mfuko wa taifa wa utafiti) itakulipa wewe, NRF ya kwao Afrika Kusini (jina fupi lile lile, shirika jingine) itamlipa mwenzako. Ndiyo maana ombi hupelekwa pande zote mbili. Upande mmoja ukichelewa, mmeanguka wote, hata kama wazo ni tamu kiasi gani. Jina la mradi lifanane neno kwa neno pande zote mbili.

Kibali cha kamati ya maadili hutangulia leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya), na hapo ndipo miezi huyeyuka (uliza mtafiti yeyote pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi). Na kama sampuli za damu zitasafirishwa Cape Town, andikianeni mkataba kwanza: nani atazihifadhi, nani atazitumia tena, jina la nani litatangulia kwenye makala.