Re: Soketi imeungua, testa haiwaki. Nifungue?

Mkuu wa Ujiji, usifungue bado. Testa (bisibisi yenye kitaa) kutowaka si ushahidi kwamba waya umekufa. Taa yake inategemea mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, hivyo ukiwa umesimama kwenye stuli kavu au umevaa kandambili inaweza kukaa kimya huku waya una volti 230.

Zima meni swichi, siyo swichi ya soketi peke yake, na mwambie kila mtu nyumbani asiiguse. Kama kuna jenereta au sola yenye inveta, zima na hiyo, maana inaweza kurudisha umeme kwenye nyaya zilezile. Na umeme wa mtaa ukikatika, bado zima meni. Hurudi bila hodi.

Tumia maltimita (mita ya kupimia umeme), kwenye V~ (volti za AC) 600 au 750. Hakikisha waya mwekundu wa mita hauko kwenye tundu la 10A, utapiga shoti. Pima kwanza soketi nyingine nzima iliyo karibu kabla ya kuzima: isome karibu 230. Zima, kisha pima iliyoungua: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na eathi (wa ardhini), nyutro na eathi. Zote zisome sifuri. Washa tena, rudia ile nzima kuthibitisha mita haijafa katikati, halafu zima, pima tena iliyoungua, ndipo ufungue.

Ndani, angalia skrubu. Iliyolegea ndiyo huchemsha na kuunguza soketi mara nyingi. Kata waya uliokauka mpaka ufikie shaba inayong'aa. Usiamini rangi: nyumba za zamani laivu ni nyekundu, mpya ni kahawia, na mafundi wengine huchanganya.