Maswali ya Wasomaji: Siku ya MEPS, Makaratasi, Kovu na Kiapo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wenye grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani), au wazazi wao, wanaotaka kuingia jeshi la Marekani. Wote wanauliza kuhusu MEPS, yaani vituo 65 ambako mwombaji hupimwa afya, hufanyiwa mtihani, huchukuliwa alama za vidole na kula kiapo.

SWALI: Nilivunjika mkono nikiwa darasa la saba Kisumu, nikawekewa chuma. Afisa mwandikishaji ananiambia nikiulizwa chochote nijibu "hapana". Kovu lenyewe linaonekana hata kwa mbali. Nifanyeje? – Msomaji, Dallas

JIBU: Ushauri huo ukatae. Kabla hujakanyaga MEPS unajaza fomu ya historia ya afya, DD 2807-2, na madaktari wa kituo huisoma kabla hawajakuona. Tangu 2022 vituo hivyo vinatumia mfumo wa kompyuta uitwao Genesis, unaovuta kumbukumbu kutoka hospitali na maduka ya dawa ya hapa Marekani. Hospitali ya Kisumu haimo humo, kweli, lakini kovu limo mkononi mwako. Daktari akiona mshono mrefu pembeni mwa neno "hapana", ataanza kutilia shaka na majibu yako mengine yote. Tena kudanganya ili uandikishwe ni kosa katika sheria za kijeshi za Marekani, na kwa mwenye grinkadi doa hilo linaweza kumfuata hadi kwenye ombi la uraia.

Chuma peke yake si kizuizi, mradi mfupa umeunga vizuri, hauumi, na kiungo kinakunjuka na kukunjika sawasawa. Shida huwa ni kukosa ushahidi. Tuma ndugu aende hospitali aombe muhtasari wa upasuaji: tarehe, mfupa gani, chuma cha aina gani, kilitolewa au bado kimo. Faili likiwa limepotea, aombe barua yenye nembo na muhuri inayosema hivyo. Halafu piga eksirei mpya hapo Dallas, na daktari wa mifupa aandike kurasa mbili tatu kuhusu hali ya mkono sasa. Mpe mwandikishaji vyote pamoja na fomu, usisubiri siku ya kupimwa. Wanaofika mikono mitupu hurudishwa nyumbani kutafuta karatasi, na karatasi ya kutoka kwetu, mnajua wenyewe, haiji kwa siku mbili.

SWALI: Binti yangu anakwenda wiki ijayo. Ataamka saa ngapi, na je, atavuliwa nguo mbele ya wanaume? – Mama mzazi, Columbus

JIBU: Mama, kwa kawaida waombaji hulala hotelini usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa gharama ya jeshi, na huamshwa mapema sana, mara nyingi saa kumi alfajiri au kabla. Alale kweli. Wengi hukesha wakipiga soga na simu, kisha asubuhi shinikizo la damu liko juu.

Kituoni kwanza ni ukaguzi wa mizigo na kitambulisho. Baadaye anapuliza kipimo cha pombe, anatolewa damu, ambayo miongoni mwa mengine hupimwa virusi vya UKIMWI, na anatoa mkojo wa kupima dawa za kulevya. Mkojo huo hutolewa mbele ya mtumishi wa jinsia yake, na hapo ndipo wasichana wengi hukwama kwa haya. Anywe maji ya kiasi asubuhi. Akijaza tumbo maji, mkojo unakuwa mwepesi mno na sampuli inaweza kukataliwa.

Macho hupimwa usomaji wa mbali na karibu, pamoja na rangi, kwa kadi za madoadoa zenye namba ndani. Kutozitambua namba hizo hakumfungii mlango wa jeshi, ila kunamfungia kazi kadhaa. Akivaa lenzi za machoni, aziache siku mbili kabla na aende na miwani. Masikio hupimwa ndani ya kibanda kisicho na kelele: anabonyeza kitufe kila asikiapo mlio. Urefu na uzito navyo hupimwa, na akizidi uzito, atapimwa mwili kwa utepe.

Mazoezi ya viungo hufanywa kwa makundi, wanawake peke yao, wakiwa na nguo za ndani. Kwa hiyo avae za heshima, zisizobana wala kuonyesha, na sidiria ya michezo. Humo ndimo kuna ule mwendo maarufu wa bata: unachuchumaa hadi chini na kutembea hatua kadhaa bila kuinuka. Goti bovu hujitangaza lenyewe. Afanye mazoezi ya mwendo huo nyumbani siku chache, kwani wengi huanguka kwa kukosa mazoea tu. Uchunguzi wa faragha na daktari hufanyika chumbani, na daktari akiwa mwanamume, mtumishi wa kike huwepo. Atapimwa ujauzito pia. Mwenye mimba husubiri hadi miezi 6 baada ya kujifungua.

SWALI: Presha yangu ilisoma 148/92 wakaniambia nirudi. Sijawahi kuugua presha. – Msomaji, Atlanta

JIBU: Kikomo ni 140 juu na 90 chini, na hakihukumiwi kwa kipimo kimoja, bali kwa wastani wa siku zaidi ya moja. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa na dawa za mafua zenye kufungua pua ndivyo wachokozi wakubwa. Achana navyo siku tatu. Miraa pia: mbali na kupandisha presha, kiini chake ni haramu kwa sheria ya shirikisho, kama ilivyo bangi, hata katika majimbo yanayoiuza dukani.

SWALI: Nilikuwa na pumu utotoni, mara ya mwisho nilitumia inhela, dawa ya kuvuta mdomoni, nikiwa na miaka 15. Nimeandikiwa sifai kabisa. Ndiyo basi? – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Siyo basi. Mstari wa pumu ni siku ya kutimiza miaka 13: ikiwa dalili au dawa ziliendelea baada ya hapo, daktari wa MEPS hana budi kukuandikia hivyo. Lakini yeye hatoi msamaha wala hanyimi. Uamuzi huo ni wa tawi la jeshi uliloomba, na matawi hayafanani. Omba kupimwa pumzi kwa mashine ya kupuliza, upate na barua ya daktari inayotaja tarehe ya mwisho ya dalili, kisha mwandikishaji apeleke ombi. Majibu yanaweza kuchukua miezi.

SWALI: Nina kovu la chanjo ya BCG, na kipimo cha kifua kikuu cha ngozi huvimba kila mara. Ndugu yangu naye amebeba kiini cha seli mundu. – Msomaji, Portland

JIBU: BCG inaweza kuuvimbisha mkono bila ugonjwa wowote, kwa hiyo omba kipimo cha damu. Kikionyesha una vijidudu vilivyolala, kamilisha dozi na utunze cheti cha matibabu, kwani bila cheti hicho utazuiwa. Kwa seli mundu, kinachozuia ni ugonjwa wenyewe. Ndugu yako aliyebeba kiini tu aseme wazi, maana joto na kiu mazoezini humletea hatari isiyowapata wenzake.

SWALI: Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, grinkadi mawili, na mpangilio umegeuzwa. – Msomaji, Seattle

JIBU: Linganisha cheti, pasipoti, grinkadi na kadi ya Social Security herufi kwa herufi, leo. Kinachopingana na grinkadi ndicho urekebishe kwanza, na Social Security ndiyo rahisi. Siku ya MEPS nenda na kadi halisi, nakala haitoshi. Cheti cha kidato cha nne kinahitaji kutathminiwa na wakala anayetambulika Marekani. ASVAB, yaani mtihani wa maandishi wa kuingia jeshini, ukikushinda, unarudia baada ya mwezi, tena baada ya mwezi, kisha kila miezi 6.